Programu Ikikosa Fonti, Iseme

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, habari za kazi. Kwenye tangazo mmeandikiwa kwamba leo nitazungumzia mustakabali wa programu za usanifu wa picha kwenye simu, vishikwambi na kompyuta. Mustakabali siujui. Nitazungumzia fonti, yaani sura ya herufi tunazochapa. Waliowahi kunisikia Iringa na Njombe wanajua kwamba mada yoyote nitakayopewa huishia kwenye fonti, kwa hiyo anayetaka kwenda kunywa chai aende sasa, hatutakasirikiana.

Ninyi wenye maduka ya steshenari hapa Mbeya, pale Mwanjelwa, Kabwe na Soweto, siwaelezi jinsi kazi inavyosafiri siku hizi. Mteja anaanza kadi kwenye simu akiwa ndani ya daladala, shemeji yake anaiendeleza kwenye laptopu, kamati inaijadili kwenye kundi la WhatsApp mpaka usiku, halafu jioni ya pili, unafunga duka, inakufikia ndani ya fleshi yenye virusi. Mteja huyo ukimuuliza anataka nini kwenye programu ya usanifu, hataji brashi mpya wala akili mnemba. Anataka alichokiona kwenye kioo cha simu yake ndicho kitoke kwenye mashine. Watengenezaji wa programu wanaongeza vitufe kila mwaka, na hili dogo bado linatushinda.

Sasa kisa changu. Waliokisikia wavumilie.

Kuna mama anauza mchele wa Kyela hapa mjini. Biashara ilipokua akataka mifuko yake iwe na lebo, maana mchele wa Kyela siku hizi kila mtu anauza, hata ule usiowahi kuiona Kyela. Mwanawe anasoma chuo, ana laptopu, ana CorelDRAW, programu ya usanifu ya kulipia, tusiulizane aliipata wapi. Naona mnacheka. Kijana akachora lebo nzuri kweli: suke la mpunga, jina la biashara kwa herufi nyembamba za kisasa alizozipakua mwenyewe, na chini ndani ya fremu mistari michache, wa mwisho ukisema "Uzito halisi: kilo 25". Akamtumia mama picha kwenye simu. Mama akaitazama, akaikuza kwa vidole, akawaonyesha wenzake sokoni. Safi. Kijana akapeleka kazi duka la uchapaji, silitaji, wakamwambia walivyowaambia wote: picha hatutaki, lete faili lenyewe. Ushauri sahihi kabisa, hata mimi ningesema hivyo. Akawapa faili lenyewe kwenye fleshi. Kompyuta ya pale haikuwa na ile fonti. Programu ikaweka nyingine, pana zaidi. Herufi zikipanuka mstari hautoshi tena, neno la mwisho linashuka mstari wa chini, na mstari wa chini haukuwemo kwenye fremu. Ukishatoka nje ya fremu hauonekani, na usichokiona hakichapwi.

Lebo zikatoka, rundo zima. "Uzito halisi: kilo". Nukta. Kilo ngapi? Haisemi.

Mama akafika sokoni na lebo zake, mteja wa kwanza akauliza swali hilo hilo. Ikabidi wakae na kalamu ya wino mzito waandike 25 kwenye kila lebo, moja moja, na anayeandika vibaya akaondolewa kwenye zoezi. Hebu fikiria afisa wa vipimo angepita siku hiyo. Lakini lililonikaa mimi siyo kalamu, ni ugomvi. Kijana anasema, kwangu ilikuwa sawa. Mama anasema, kwenye simu niliona kwa macho yangu. Fundi wa duka anasema, mimi nimechapa kilichofunguka. Wote watatu wamesema kweli! Mngewapeleka kwa balozi wa nyumba kumi mngekesha. Aliyebadilisha kazi hakuwepo kwenye kikao, kwa sababu ni programu.

Kwa wasio mafundi, kiini chake ni hiki. Faili la kazi mara nyingi halibebi fonti yenyewe, linabeba jina lake tu. Likifika kwenye kifaa kingine linauliza: je, hii ipo? Ikikosekana, kifaa kinachukua kilichopo. Ndiyo maana kazi ile ile ina sura moja kwenye laptopu, nyingine dukani, na ya tatu kwenye simu ya Android ambayo fonti zake za kuzaliwa nazo si zile za Windows.

Namwona fundi mmoja anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema: CorelDRAW inauliza. Ni kweli, inatoa kisanduku kinachosema fonti hii haipo, niweke ipi badala yake. Ila inauliza mlangoni, kabla hujaiona kazi, kwa Kiingereza, huku foleni ya watu wanaotaka kutoa kopi za vyeti imefika barabarani. Kijana wa duka anabonyeza OK. Ninyi mngebonyeza nini? Kisanduku kikiondoka, kimeondoka na habari yote. Kazi inafunguka inapendeza, hakuna alama popote kwamba hapa pameguswa. Ninapodai programu iseme, nataka isemee pale pale palipobadilika na isinyamaze mpaka mtu aangalie. InDesign, programu ya kupanga kurasa za vitabu na magazeti, inafanya hivyo miaka mingi: maneno yaliyobadilishiwa fonti huyapaka rangi ya waridi nyuma yake. Inakera, ndiyo. Hakuna atakayechapa lebo yenye waridi bila kuuliza. Kama hilo linawezekana kwenye kompyuta ya mezani, ni nini kinachozuia programu za simu zisifanye hivyo?

Mwingine atasema, si atume PDF tu yaishe. PDF naiheshimu. Imetoka kampuni ya Adobe mwaka 1993, ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2008, na ikitengenezwa vizuri inabeba fonti ndani yake. Kwa kazi iliyokwisha, tumeni PDF, nawaomba. Lakini kazi zenu lini zinakwisha? Kamati ya harusi inabadilisha ukumbi saa nne usiku. Mama wa mchele anaongeza namba ya pili ya simu. Ukiifungua ile PDF ili uirekebishe, aya moja inakuja imekatwakatwa vipande, kila mstari kivyake, na fonti ile ile iliyokosekana jana bado haipo. Au mtaniambia mgeuze maandishi yote yawe michoro kabla ya kutuma. Sawa, fonti haibadiliki tena. Sasa sahihisha "mnakaribishwa" iliyoandikwa "mnakaribshwa". Huwezi, unachora herufi. PDF ni ya kukabidhi kazi. Ninayoidai mimi ni kazi inayoendelea, inayoanzwa huku na kumaliziwa kule.

Halafu kuna wa Canva, programu ya usanifu ya mtandaoni. Nyie ni wengi, nawaona. Canva ilipozinduliwa mwaka 2013 kule Australia ilifanya jambo la akili sana kwa tatizo hili hili: kazi inakaa kwenye mitambo yao, fonti zinakaa huko huko, kwa hiyo simu na kompyuta zote zinatazama kitu kimoja. Ndiyo maana mwalimu, mchungaji na katibu wa vikoba wote wanaitumia bila kufundishwa. Figma, programu nyingine ya usanifu, nayo ilijengwa kwenye wazo hilo. Nawapa sifa. Lakini kazi iliyokaa mtandaoni inataka mtandao. Bando likiisha, kazi yako mwenyewe unaweza kujikuta unaitazama kwa mbali. Mtu wa Makete anayetengeneza ratiba ya mazishi usiku wa mvua, umeme hakuna, mtandao unakuja na kuondoka, mazishi ni kesho saa saba mchana: huyo mwambie habari za wingu, za kazi kukaa mtandaoni. Na siku duka la uchapaji likisema "lete faili lenyewe", Canva haina faili lenyewe la kukupa kwenye fleshi ukalifungue kwa programu nyingine. Mara nyingi inakupa PDF, na PDF tumeshaisema.

Nikiongea na vijana wa kompyuta, maana nimeambiwa wamekaa huko nyuma na wengine wanataka kutengeneza programu zao. Mkiuliza watumiaji wanataka nini kwenye simu watawaambia wanataka kila kilichomo kwenye kompyuta. Msiwaamini. Photoshop, programu ya picha ya Adobe, ilipoingia kwenye iPad mwishoni mwa 2019 watu walipiga kelele kwamba zana nyingi hazimo, na kweli hazikuwemo. Mimi nilitazama kitu kingine. Faili lilikuwa lile lile la PSD linalotumiwa na Photoshop ya kompyuta ya mezani, na zana ambazo iPad haikuzijua haikuzitupa, ilizihifadhi mpaka urudi kwenye kompyuta. Hapo ndipo penye kazi. Simu isiyoweza kuhariri kivuli cha herufi haijanikosea. Ikikifuta kile kivuli kimyakimya kwa sababu haikielewi, imeniharibia, na nitajua wiki ijayo bango likiwa limeshatundikwa Mafiati. Wekeni sheria moja kwenye programu zenu: usichokielewa usikiguse. Na fonti zinazoruhusu kubebwa, kama hizi za bure za Google Fonts, zifungeni ndani ya faili, zisafiri nalo. Uzito wake ni mdogo kuliko picha moja ya bwana harusi.

Muda. Mwenyekiti ameshaangalia saa mara mbili, sijafika hata kwenye rangi.

Rangi basi, haraka. Kioo kinatoa mwanga, karatasi inapokea wino, na rangi za mwanga ni nyingi kuliko za wino. Hapa kwetu mfano uko uwanja wa Sokoine. Mashabiki wa timu ya Mbeya City wanataka zambarau inayong'aa kama kwenye simu, na zambarau ndiyo rangi yenye kiburi kuliko zote: kwenye wino wa rangi nne inazama, inafifia, wakati mwingine inakimbilia bluu. Mteja anadhani umembania wino. Programu za mezani zinaweza kukuonyesha mapema rangi itakavyotoka kwenye wino, za simu nyingi haziwezi, na Canva kuhifadhi kazi kwa rangi za uchapaji ni mpaka ulipie. Kwa hiyo mteja anaona mara ya kwanza lebo ikiwa imeshatoka. Tena ni programu iliyojua na haikusema.

Ukubwa. Hili lina hesabu ndogo, vumilieni. Karatasi ya A4 kwa nukta 300 kila inchi inahitaji pikseli, yaani nukta za picha, 2,480 kwa 3,508. Picha ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida hushushwa, upande mrefu unabaki takriban pikseli 1,600. Hiyo haijazi hata nusu ya urefu wa A4. Sasa anakuja mtu nayo anataka fleksi, lile bango la plastiki, ya mita tatu. Gawanyeni: kila nukta inakaribia milimita mbili, unaweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Kwenye kioo cha simu ilikuwa kali, lazima iwe kali, kioo chenyewe ni kidogo. Tumeni kama hati, siyo kama picha, haitashushwa. Na hapa pia programu ingeweza kuuliza mapema: unachora kadi au bango la barabarani?

Vishikwambi nilitaka kuvieleza kwa kirefu, maana vile vya Sensa ya 2022 waligawiwa walimu na wengi wanavitumia kutengeneza matangazo ya shule. Neno moja tu: kidole siyo kipanya. Vitufe vidogo vilivyohamishwa kutoka kompyuta kwenda kishikwambi bila kupanuliwa ni ukatili.

Bei nilikuwa nimeiandalia ukurasa mzima, nauacha. Adobe walihamia malipo ya kila mwezi mwaka 2013 na mnajua yaliyofuata kwenye laptopu zenu. Ila kisingizio cha kutumia programu za wizi kinapungua: Inkscape ya kuchora ni bure tangu ilipoanza mwaka 2003, GIMP ya picha ni bure, na Affinity ya usanifu, iliyonunuliwa na Canva mwaka 2024, mwaka uliofuata ikatolewa bure. Inkscape inahifadhi kazi kwa SVG, muundo ulio wazi ambao hata kivinjari cha simu kinaufungua. Fonti haibebi, najua, msininyooshee kidole. Lakini angalau ukilifungua faili lake kwa programu ya maandishi unasoma jina la fonti iliyokosekana kwa macho yako, unaipakua, kazi inaendelea.

Tuanze maswali. Yule dada mwenye shali, halafu fundi aliyekuwa anatikisa kichwa, maana hajaacha bado.