Lenzi Iliyogeuzwa na Fuwele za Katanga: Mhadhara kwa Wapiga Picha wa Lubumbashi

Waheshimiwa baba na mama, ndugu zangu wapiga picha, nanyi wanafunzi wa jiolojia mliokuja na mawe mifukoni, karibuni.

Mwaka 1917 mtaalamu wa madini kutoka Ubelgiji, Henri Buttgenbach, alitangaza madini mapya ya rangi ya buluu yaliyotoka katika mgodi wa Étoile, hapa hapa Lubumbashi. Aliyaita kornetiti kwa heshima ya Jules Cornet, mwanajiolojia aliyepita Katanga na msafara wa Bia na Francqui mwanzoni mwa miaka ya 1890. Kornetiti ni fosfati ya shaba, na fuwele zake kwa kawaida hazizidi milimita chache; nyingi ni ndogo kuliko hapo. Ndiyo maana mtu anaweza kuzaliwa na kuzeeka jirani na mgodi huo bila kuwahi kuona sura ya madini yanayojulikana duniani kwa kutoka kwetu. Akilishika jiwe lenyewe mkononi, huona utando wa buluu tu juu ya mwamba.

Ninachodai jioni hii ni kwamba chombo cha kuzionea fuwele hizo tayari kimo katika nyumba nyingi za mji huu, hasa katika makabati ya studio za zamani za mitaa yetu ya Kamalondo na Kenya: lenzi ya milimita 50 au 28 iliyobaki tangu enzi za filamu. Lenzi hiyo haifungwi kwenye kamera kama kawaida, bali hugeuzwa, kioo cha mbele kikatazama ndani ya kamera na kioo cha nyuma kikatazama jiwe. Wengi huihesabu njia hii kuwa ujanja wa mtu asiye na fedha ya kununua lenzi maalumu. Mimi sikubaliani nao. Picha ikishavuka ukubwa halisi, kuigeuza lenzi ndiko kuiweka upande unaoistahili.

Tunaposema ukubwa halisi tunamaanisha kwamba fuwele yenye upana wa milimita 1 inachorwa juu ya sensa, ile sehemu ya kamera inayopokea taswira, kwa upana ule ule wa milimita 1. Sasa fikirini kazi ambayo lenzi ya kawaida iliundwa kuifanya. Bibi harusi yuko mita 3 mbele yake, na sensa iko sentimita chache nyuma yake. Mbele ni mbali, nyuma ni karibu, na mtengenezaji amepanga vioo vyote ili kasoro zirekebishwe kwa uwiano huo. Mkipiga picha ya fuwele kwa ukubwa wa mara tatu, uwiano unapinduka: kitu kinachopigwa picha ndicho kilicho karibu, na sensa ndiyo iliyo mbali. Lenzi iliyoachwa katika mkao wake wa kawaida hapo inafanya kazi ambayo haikukusudiwa, nayo hulipiza kwa ukungu wa pembeni na mistari ya rangi kwenye kingo. Ikigeuzwa, kila upande unarudishiwa umbali wake.

Kuna faida ya pili ambayo hutajwa mara chache, nami naiona kubwa kuliko ya kwanza kwa mtu anayepiga picha mawe. Kamera zenye kioo cha kuakisi zinahitaji nafasi nyuma ya lenzi ili kioo hicho kiinuke bila kugonga kitu. Katika kamera za Nikon nafasi hiyo, kutoka bayoneti, yaani pale lenzi inapofungwa, hadi sensa, ni milimita 46.5, na katika zile za Canon EF ni milimita 44. Lenzi ya milimita 28 kwa hiyo ililazimika kuundwa kwa namna ya kutupa taswira yake mbali zaidi ya urefu wake wa fokasi, yaani ile namba ya milimita inayoitambulisha. Mkiigeuza, nafasi hiyo iliyotengwa kwa ajili ya kioo inahamia mbele, kati ya lenzi na jiwe, na mnabaki na sentimita kadhaa za kupitishia mwanga. Ifungeni lenzi hiyo hiyo kwa mkao wa kawaida juu ya pete za kurefusha, zile zinazoisogeza lenzi mbali na kamera, mtakuta jiwe linakaribia kugusa kioo na kila kitu kimo gizani.

Hapa pana jambo linalowashangaza wanaoanza: kadiri lenzi ilivyo ya pembe pana, ndivyo inavyokuza zaidi ikigeuzwa. Milimita 50 ikifungwa moja kwa moja kwenye kamera hutoa takribani ukubwa halisi, na milimita 28 hutoa mara mbili na ziada. Kinachohitajika ni pete ya kugeuzia, yenye bayoneti ya kamera yako upande mmoja na hesi za filta upande wa pili. Someni kipenyo kilichoandikwa mbele ya lenzi kabla ya kuagiza, kwa maana pete za milimita 49, 52, 55 na 58 hazikai mahali pa nyingine.

Anayetaka kwenda mbali zaidi hushikanisha lenzi mbili uso kwa uso. Ndefu hubaki kwenye kamera kama kawaida, fupi hugeuzwa mbele yake, na hesabu ni kugawanya urefu wa fokasi wa ile ndefu kwa wa ile fupi. Lenzi ya 200 ikibeba ya 50 hutoa ukubwa wa mara nne, kwa hiyo sensa yenye upana wa milimita 36 inajazwa na kipande cha jiwe chenye upana wa milimita 9. Katika mpango huu lenzi iliyogeuzwa iachwe wazi kabisa, na diafragma, yaani tundu linalopitisha mwanga, ipunguzwe kwenye ile ya nyuma, mkiangalia pembe za picha zisiingie giza.

Kuhusu diafragma, lenzi za zamani zinazishinda za kisasa. Zina pete ya kuzungusha kwa mkono, nayo inaendelea kutii hata lenzi ikiwa imegeuzwa. Lenzi ya Canon EF haina pete hiyo, lakini mnaweza kuifunga kwanza kwa kawaida, mkachagua diafragma ya 8, mkabonyeza kitufe cha kutazamia kina cha picha, yaani unene wa sehemu inayoonekana kwa ukali, kisha mkaichomoa lenzi huku kitufe kikiwa kimebonyezwa na kamera inawaka. Diafragma itabaki pale ilipo. Lenzi za Nikon za aina ya G, zikitolewa, hujifunga hadi tundu dogo kabisa, na mtu hulazimika kushikilia kile kijiti cha nyuma kwa kipande cha karatasi ngumu. Inawezekana, lakini inachosha.

Nimeitaja 8 kwa makusudi. Kadiri mnavyokuza, mwanga unaofika kwenye sensa unapungua, na tundu lililoandikwa 8, mkiwa katika ukubwa wa mara tatu, linafanya kazi kwa makadirio kama tundu la 32. Mkilifunga zaidi kwa kutafuta kina, mwanga unaopita katika tundu finyu kiasi hicho hutawanyika, na fuwele nzima inalainika kama iliyopakwa mafuta. Wapiga picha wengi wanaolalamika kwamba lenzi yao iliyogeuzwa haina ukali wameifunga mno tu.

Kina chenyewe ni kidogo kuliko mtu anavyodhani. Kwa ukubwa wa mara mbili na diafragma 8, sehemu inayoonekana kwa ukali ni takribani robo ya milimita. Kwa mara nne na diafragma 5.6 ni chini ya sehemu moja ya kumi. Kuzungusha pete ya fokasi hakusaidii sana hapo. Kinachosogezwa ni kamera nzima au jiwe. Reli za kununua zipo, lakini mji wenye mafundi wa chuma kama wetu hauna haja ya kuzisubiri. Bolti ya kawaida ya M6 husogea milimita 1 kwa kila mzunguko, basi fundi akiwaundia kitelezi kinachosukumwa na bolti hiyo, robo ya mzunguko ni robo ya milimita. Pigeni picha moja kila hatua, hatua ikiwa fupi kuliko kina, kisha programu iziunganishe sehemu kali za kila picha. Helicon Focus na Zerene Stacker ni za kulipia. Vifaa vinavyokuja na programu ya Hugin ni vya bure na vinatosha.

Tazameni sasa picha iliyo ukutani. Ni malakiti, yale madini ya kijani ya shaba, iliyovunjwa, haikusuguliwa. Mmezoea kuiona ikiwa imekatwa na kung'arishwa kwa ajili ya watalii, na mistari yake ya duara ya kijani kizito na kijani chepesi. Mahali ilipovunjika, kila tabaka linaonekana kuwa kifungu cha sindano nyembamba zilizotoka katika kitovu kimoja na kutawanyika kuelekea nje, na mng'ao ule wa hariri ambao jicho huuona kwa mbali unatoka kwenye mbavu za sindano hizo. Mwanga ulitoka upande wa kushoto peke yake, ukipita katika kikombe cha plastiki cheupe kilichokatwa kitako na kulizunguka jiwe. Bila kikombe hicho kila sindano ingekuwa na nukta nyeupe iliyoungua, na rangi ya kijani isingeonekana kabisa.

Msilisafishe jiwe la namna hii kwa siki wala ndimu. Malakiti ni kabonati, na asidi inaila. Vumbi lake nalo si la kupulizwa kwa mdomo. Na mawe ya manjano makali yaliyotoka upande wa Shinkolobwe, kwenye urani, hayana nafasi juu ya meza ya kulia chakula, hata yawe mazuri namna gani.

Vumbi letu jekundu la kiangazi lina hatari nyingine. Lenzi iliyogeuzwa imeacha wazi kioo chake cha nyuma, ambacho ndicho kinachodhuriwa zaidi na mikwaruzo. Pete fupi ya kurefusha, ikifungwa kwenye bayoneti iliyo wazi, hufanya kazi ya kofia. Ama mtikisiko, lori la shaba likipita barabarani huifanya meza itetemeke kiasi cha kuharibu picha ya mara nne. Flashi iliyopunguzwa hadi moja ya kumi na sita ya nguvu zake huwaka kwa muda mfupi mno hata mtikisiko huo usionekane, tena inafanya kazi kwa betri umeme ukikatika.

Wasio na kamera wasijione wameachwa nje. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza katika jarida la PLoS ONE jinsi walivyochukua lenzi ya simu, wakaigeuza mbele ya kamera ya simu nyingine nzima, na kuona seli za damu pamoja na mayai ya minyoo katika sampuli za choo. Kanuni ni ile ile ya lenzi mbili uso kwa uso. Kwa kuwa urefu wa fokasi wa lenzi hizo unalingana, ukubwa unaopatikana ni ule halisi, lakini nukta za sensa ya simu ni ndogo sana, na hilo linatosha. Simu iliyovunjika kioo, ambayo fundi anaiuza kama chakavu, bado ina lenzi hiyo ndani yake.

Mezani hapa nimeweka 28 iliyogeuzwa na ile jozi ya 200 na 50. Wenye malakiti waanze na 28, kwa kuwa sindano zake ni ndefu. Mwenye jiwe lenye utando wa buluu kutoka Étoile aje kwenye jozi, na tafadhali asiliguse kwa kidole upande wenye rangi.