Zabibu zinaanikwa shambani Selma, California: Dodoma mnanisikia?

Haya wapendwa, habari za nyumbani? Wagogo wenzangu, mbukwenyi! Tumetoka Sacramento na hili gari letu la kulala humohumo, jiko nyuma, kitanda juu, tunashuka na barabara kuu namba 99 kuelekea Bakersfield. Kushoto lozi, kulia lozi, halafu mizabibu mpaka macho yanachoka. Kama asilimia 80 ya lozi za dunia nzima zinatoka jimbo hili.

Sasa sikilizeni. Bakersfield haipati hata milimita 200 za mvua kwa mwaka. Dodoma yetu, tunayoiita kame, inapita 500! Hawa wanategemea theluji ya milima ya Sierra Nevada: ikiyeyuka wanaikinga kwenye mabwawa, wanaisambaza kwa mifereji. Maji hayo yakiwa hayatoshi, wanachimba visima, na wamevuta kupita kiasi. Karibu na mji wa Mendota, hukuhuku California, kati ya 1925 na 1977, ardhi ilititia karibu mita 9. Sheria ya jimbo ya kudhibiti maji ya chini ya ardhi imekuja 2014. Hilo tusiwaige jamani.

Ninalotaka mlione ni hili, ngoja nigeuze kamera. Hapa ni Selma, jirani na Fresno. Zabibu zimekatwa kwa mkono, zimetandazwa juu ya karatasi, chini kabisa, kati ya mstari na mstari. Hizi bado za kijani, zimejaa maji. Zile pale zimeshakunjamana, zimekuwa kahawia, ukizishika zinanata vidoleni. Wiki mbili tatu za jua, basi, ni zabibu kavu. Wengine siku hizi wanaziacha zikaukie juu ya mzabibu wenyewe.

Mkulima wa Hombolo, kule kwetu Dodoma, akivuna mwezi wa nane, mnunuzi asipotokea, mzigo unamwozea mikononi. Inaniuma sana. Na mwezi wa nane Dodoma mvua hakuna, jua lipo, upepo upo!

Ila hizi ni aina ya Thompson Seedless, hazina mbegu ndani, na zetu nyingi zina mbegu. Kwa hiyo wataalamu wa kituo cha utafiti wa zabibu cha Makutupora, na yeyote mwenye miche ya zabibu zisizo na mbegu, niandikieni hapo chini: inapatikana wapi, na mche mmoja shilingi ngapi? Nitasoma zote usiku huu tukishapaki Delano.