Pikipiki ya Nani?

Mhadhara mbele ya wanafunzi wa takwimu na wadadisi, Dar es Salaam

Ahsante mwenyekiti. Naona nyuso ninazozifahamu, na wengine wameanza kucheka kabla sijafungua mdomo, maana wanajua nitafika kwenye pikipiki. Nitafika. Vumilieni.

Historia ya utafiti wa afya wa kaya, ule wa kitaifa wa idadi ya watu na afya ambao wadadisi hupita nyumba kwa nyumba na dodoso, sitaisimulia. Mnayo kwenye notisi zenu, kuanzia ule wa 1991–92 hadi huu wa 2022. Leo nataka zile kurasa za mwanzo za dodoso. Uzazi, chanjo na chandarua vina watu wa kuvisemea, na wanasema kwa sauti kubwa. Mimi nasemea kurasa za kaya: maji ya kunywa mnapata wapi, choo cha namna gani, sakafu ya nini, mnapikia nini, mna redio, mna televisheni, mna friji, nani ana baiskeli. Wadadisi huzipita mbio. Niliwahi kumsikia msimamizi akiwaambia vijana wake kwamba hizo ni za kupasha misuli, kazi yenyewe inaanza mama akishakaa kwenye kigoda. Nilitamani kumnyang'anya kishikwambi.

Chukueni ripoti ya 2022, fungueni jedwali lolote. Udumavu: asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5. Kujifungulia kituo cha afya: asilimia 81, kutoka 63 ya ule utafiti wa 2015–16. Mazuri hayo. Sasa shukeni chini ya jedwali, mtakuta namba hizo zimekatwa kwa mkoa, kwa elimu ya mama, na kwa utajiri wa kaya, mafungu matano, kuanzia maskini kabisa hadi tajiri kabisa. Huo utajiri umetoka wapi? Hakuna aliyeulizwa mshahara wake. Umetoka kwenye redio, friji, sakafu na pikipiki. Yale maswali ya kupasha misuli ndiyo yanayoamua mtoto yupi aandikwe wa tajiri na yupi wa maskini, kwenye kila ukurasa wa ripoti, na kila mtu wa wizarani anayepanga nani asaidiwe kwanza anasoma ukurasa huo.

Haya, pikipiki. (Kicheko.)

Mbagala. Nyumba ya Kiswahili, wapangaji kila chumba, na kila chumba ni kaya yake. Mdadisi wetu alikuwa binti makini sana, anasoma swali kama lilivyoandikwa. Anamuuliza mama: kuna mtu yeyote katika kaya hii anayemiliki pikipiki? Mama anasema, si hiyo hapo. Kweli ipo, imeegeshwa barazani, imefutwa inang'aa. Mtoto wake anatokea ndani, helmeti mkononi: "Mama, hiyo siyo yetu. Ya mkataba, bado namlipa mwenyewe kidogo kidogo." Mama anashangaa: "Si inalala hapa kila siku?" Jirani, aliyekuwa anachambua mchicha na hakuulizwa na mtu, akaingia: "Akimaliza hesabu itakuwa yake." Kijana akamjibu: "Nikimaliza. Mwenzangu kabakiza wiki chache, tajiri kaja kuichukua." Ua mzima ukawa na la kusema. Wengine wanasema ni yake kwa sababu yeye ndiye anayeitengeneza, wengine wanauliza kadi ya usajili ina jina la nani. Binti kanigeukia. Kishikwambi kina ndiyo na hapana, basi.

Aliandika hapana, kwa sababu dodoso linauliza kumiliki. Ua wa pili mdadisi mwingine amekuta mkataba wa namna ile ile, kaandika ndiyo, kwa sababu mwenye kaya amesema ndiyo na mwongozo unasema usibishane na mhojiwa. Wote wawili wamefuata walichofundishwa. Kaya mbili zinazolingana kwa kila kitu, moja imepandishwa, nyingine imeachwa ilipo.

Na tajiri mwenyewe, yule mwenye pikipiki? Yuko Kinyerezi huko, ana pikipiki sita kwenye mikataba na hakuna hata moja inayolala kwake. Mdadisi akifika kwake atamkuta kweli ana gari, sikatai, lakini zile sita hazitaonekana popote.

Halafu tuseme kijana amemaliza mkataba, kadi imeandikwa jina lake. Hapo ndiyo imekuwa utajiri? Utafiti wa kwanza ulipofanyika, mwenye pikipiki mtaani alikuwa bwana shamba, padri, au karani wa kampuni. Ukiiona nje ya nyumba unajua humo kuna mtu mwenye kipato. Leo pikipiki Dar es Salaam inaweza kukuambia kinyume chake: kwamba humo ndani kuna kijana aliyekosa ajira nyingine. Masasi, mkulima akiuza korosho akanunua pikipiki kwa fedha taslimu, hiyo ni akiba kaiegesha uani. Chombo ni kile kile, dodoso linasoma kitu kimoja.

Najua kuna mtu hapa anataka kuniambia kwamba hesabu yenyewe inarekebisha. Kwamba kompyuta inatazama vitu vipi huenda pamoja, inavipa uzito, na kwamba siku hizi wanakokotoa alama za mjini peke yake na za vijijini peke yake kisha wanaziunganisha. Najua, na ni hatua nzuri. Lakini chekecheke haliwezi kutoa mchanga uliosagwa laini kama unga. Ukiingiza ndiyo moja iliyobeba maisha manne tofauti, utatoa uzito mmoja wa maisha manne tofauti. Matokeo mnayaona: sehemu kubwa ya kaya za Dar es Salaam huangukia mafungu mawili ya juu ya nchi. Mama wa Tandale, uswahilini, ana umeme, ana sakafu ya saruji, ana simu, ana televisheni, basi kawekwa fungu moja na mama wa Masaki, mtaa wa wenye fedha. Mtoto wa Tandale akidumaa, jedwali linaandika kwamba hata matajiri wanadumaa. Kisha tunafanya warsha kujiuliza kwa nini matajiri wanadumaa.

Umeme wenyewe tuuguse. "Kaya hii ina umeme?" Ndiyo. Mita ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, ni moja, vyumba kadhaa, wapangaji wanachangishana, na mwenye friji anagombezwa. Uniti zikiisha tarehe ishirini na tano, giza mpaka mtu apate hela. Televisheni ipo, lakini tangu mitambo ya analojia ilipozimwa hapa mjini tarehe 31 Desemba 2012, televisheni bila king'amuzi ni samani tu. Dodoso linauliza televisheni kwa sababu mwanzoni ilikuwa na maana mbili kwa mpigo, kwamba una uwezo na kwamba ujumbe wa afya unakufikia. Zote mbili zimelegea. Wakati huo huo dodoso la mfano, lile lililotungwa nje kwa ajili ya nchi nyingi, bado linauliza simu ya mezani! Mdadisi akiuliza hilo Manzese watoto wanacheka.

Ninachoomba ni kidogo. Palipo na "mna?", ongezeni "jana kilifanya kazi?" Palipo na "nani anamiliki?", ongezeni "kimelipiwa chote?" na "ni cha kuzungushia biashara?" Maswali matatu mafupi. Sijaomba kodi ya nyumba, ingawa ningependa, maana mpangaji wa chumba kimoja Dar es Salaam hana siri kubwa kama kodi anayodaiwa.

Hapo ndipo mzee mmoja wa takwimu, rafiki yangu, huwa anasimama na kusema: usiguse swali, utakata mfululizo. Ukibadilisha swali leo huwezi kulinganisha na 2010. Hoja hii naiheshimu. Kwa vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 naiheshimu sana: ili tuseme vimeshuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000 kati ya utafiti wa 2015–16 na ule wa 2022, lazima tuwe tumeuliza kwa namna inayolingana. Lakini faharasa ya utajiri, yaani hicho kipimo cha mafungu matano, haina mfululizo wa aina hiyo! Inakokotolewa upya kila utafiti. Fungu la chini la 2022 ni moja ya tano ya watu wa 2022, na ya 2010 ni moja ya tano ya watu wa 2010. Halikuwahi kuwa kipimo kimoja cha kuvuka miaka. Na orodha ya vitu iliachwa wazi makusudi, kila nchi iongeze vyake. Kwa hiyo mnalinda kitu ambacho hakipo. Rafiki yangu nikimwambia hivyo huagiza kahawa.

Na pale mfululizo ulipo kweli, kuna dawa yake: nusu ya kaya ziulizwe swali la zamani, nusu la jipya, katika utafiti mmoja. Unapata daraja, unavuka. Ni gharama ya uchapaji na mafunzo, si muujiza.

Maji. Hili nalipenda karibu kama pikipiki. Kazi ya uwandani ya 2022 ilianza Februari ikaisha Julai. Oktoba mwaka huo huo Mto Ruvu ukapungua, na mji huu ukaingia kwenye mgao. Mnakumbuka foleni za madumu na bei ya boza, lile gari la maji. Kaya iliyojibu "bomba" mwezi Mei ingejibu "bomba" Oktoba pia, kwa sababu inaulizwa chanzo kikuu. Wengi wetu hatuna chanzo kikuu. Kunywa ni dumu la mkokoteni, kuoga ni kisima cha maji ya chumvi, kufua ni simtanki la jirani, na bomba ni siku likitoka. Toleo la nane la dodoso la mfano limeongeza swali la kama maji ya kunywa yaliwahi kupungua mwezi uliopita. Safi kabisa. Kwa nini basi wazo hilo likaishia kwenye maji? Jikoni ni vivyo hivyo: gesi ya chai, mkaa wa maharage, na nchi ina mkakati wa nishati safi wa 2024 hadi 2034. Mtapimaje kwa swali la jibu moja?

Kijana pale nyuma anatikisa kichwa, anasema dodoso tayari ni refu. Ni kweli, na urefu unauma kuliko mnavyodhani. Wanaochunguza takwimu hizi katika nchi nyingi wameona mtindo huu: tarehe za kuzaliwa za watoto zinarudishwa nyuma kidogo, wanaangukia nje ya mpaka wa miaka ambayo maswali ya afya yanahusu. Mdadisi amechoka, jua kali, anajua mtoto huyu akibaki ndani ya mpaka atafungua kurasa nyingine. Na wasichana wa miaka 15 huwa 14, wanawake wa 49 huwa 50, wasihojiwe. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: kila swali linaloingia, moja linatoka. Simu ya mezani itangulie.

Tena wakati ndio huu. Mapema 2025 Marekani ilikata fedha za mpango uliokuwa unatugharimia na kututengenezea hayo madodoso ya mfano. Hasara kubwa, sitaki mtu aondoke hapa akidhani naishangilia. Ila kama utafiti ujao tutaulipia sisi kwa sehemu kubwa zaidi, sioni sababu ya kunakili orodha ya vitu vya watu wengine neno kwa neno.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na sehemu ya presha na sukari, kwamba utafiti mwingine, wa 2012, ulikuta takriban robo ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la juu la damu, na sisi kwenye kaya tunaishia miaka 49, hiyo tuiache. Vifo vya uzazi, kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, tunavyopata kwa kuwauliza watu habari za dada zao, hiyo inataka siku yake na mimi si wa kuikimbiza. Bima nayo, kadi iliyoisha muda ni kadi? Mnajua nitakachosema.

Maswali. Dada wa mstari wa mbele, umenyoosha mkono tangu kwenye LUKU. Anza wewe.