Ming'oko kwenye meza ya mkemia

Shikamooni wazee wangu, na ninyi wengine habari za mchana.

Waliokaa mbele wataona vizuri. Huu ni mng'oko mbichi, kiazi cha porini, umechimbwa jana, udongo bado unao. Naukata katikati. Kipande kimoja nakidondoshea iodini, hii hii ya duka la dawa tunayopaka kwenye vidonda. Tazameni: ilikuwa kahawia, imeingia buluu, sasa inakaribia weusi. Huo ndio wanga, na si haba. Kipande cha pili nakiacha hapa mezani, tutakirudia.

Huku Mtwara na Lindi hakuna wa kufundishwa ming'oko. Tumeila tangu utotoni, ya kuchemsha, na chumvi na pilipili. Lakini mgeni akibisha hodi, tunaificha na kubandika wali. Eti chakula cha njaa! Vitabuni inaitwa Dioscorea hirtiflora, ni ndugu wa viazi vikuu, na ndugu hao wamepimwa sana. Gramu 100 za kiazi kikuu kibichi zina maji gramu 70 hivi, nyuzinyuzi 4, na potasiamu miligramu 800 na ushei. Muhogo una kama 270. Sodiamu ya kiazi kikuu haifiki miligramu 10. Kwa mwenye presha hicho ni chakula kizuri, mpaka hapo atakapokichovya kwenye chumvi. Mwenye ugonjwa wa figo, hiyo potasiamu amwulize daktari wake kwanza.

Kasoro yake ni protini: gramu moja na nusu tu, tena ina upungufu wa asidi amino (vijenzi vya protini) zenye salfa, hasa methionini. Watu huniambia, basi tule na mbaazi. Mbaazi ina protini ya kutosha, ila methionini nayo inaililia. Maskini wawili hawakopeshani. Mwenye nayo ni ufuta. Ufuta huu tunaoulima wenyewe, tukaupakia wote kwenye magunia kwenda mnadani, nyumbani hata kibaba kisibaki! Twanga kidogo, nyunyizia kwenye ming'oko, mbaazi iwe pembeni, hapo sahani imekamilika. Ukipata samaki, tena basi.

Sasa hili la kwamba viazi vya porini hurekebisha homoni, maana naulizwa kila mahali. Miaka ya 1940 mkemia Mmarekani, Russell Marker, alichukua diosijenini, kemikali ya mmea, kutoka kwenye viazi vya porini vya Mexico akatengeneza projesteroni, homoni ya uzazi ya kike. Ni kweli kabisa. Lakini aliifanya kazi hiyo kwenye chupa za maabara, hatua kwa hatua, kwa kemikali kali. Mwili wa binadamu hauna kimeng'enya, yaani protini ya kuendesha kemia mwilini, cha kuifanya. Anayekuuzia unga wa kiazi cha porini akisema utakurekebishia homoni, amekuuzia wanga kwa bei ya dawa.

Na msichanganye ming'oko na ndiga, kiazi kingine cha porini chenye sumu. Ndiga ina alkaloidi, kemikali zinazoshambulia mishipa ya fahamu, na kuchemsha peke yake hakutoshi. Wazee walikuwa wanaikata vipande vyembamba na kuiloweka siku kadhaa kwenye maji yanayotiririka, sumu ichukuliwe na maji. Ile ilikuwa kemia, ingawa hakuna aliyewapa cheti. Mtoto akichimba asichokijua, akipeleke kwa bibi kabla hakijafika jikoni.

Turudi kwenye kipande chetu. Kimeshika rangi ya chai, mnaona? Hakijaoza. Kisu kimepasua seli, polifenoli, kemikali za mmea, zikakutana na kimeng'enya na hewa. Ukichemsha na maganda yake, mambo hayo hayatokei, na vitamini C na potasiamu haziishii kwenye maji ya kumwaga. Halafu ming'oko ikilala ikapoa, sehemu ya wanga wake hujipanga upya na kukaza, utumbo mwembamba ukashindwa kuumeng'enya. Sukari hupanda damuni polepole zaidi.

Ndiyo maana nyuma pale kuna sufuria mbili. Ya kushoto ni kiporo cha jana, ya kulia bado ina mvuke. Ufuta uliotwangwa uko kwenye bakuli. Karibuni. Chumvi sikuleta.