Mnofu Mkononi: Samaki wa Kushika kwa Mtoto Anayeanza Kula

HAMISI: Wasikilizaji wetu, kuanzia Kilwa Kivinje mpaka Msimbati, karibuni. Bi Somoe, shikamoo.

BI SOMOE: Marahaba, baba. Karibuni jikoni.

HAMISI: Leo ni samaki wa mtoto wa miezi 6. Tena hatuzungumzii samaki wa kusagwa kwenye uji. Ni wa kushika mwenyewe akapeleka kinywani.

BI SOMOE: Miezi 6 iwe imetimia kweli, na mtoto awe anakaa kwa kuegemezwa kidogo tu, shingo imekaza, akiona chakula anakinyooshea mkono. Ulimi wake uwe umeacha kusukuma nje kila kinachoingia. Kama bado anayumba, mlishe kwa kijiko kwanza, vya kushika vitakuja. Na ziwa haliachwi, linaendelea mpaka miaka 2 na zaidi.

HAMISI: Huku kwetu wengi huanza na uji mtupu. Samaki anangoja meno.

BI SOMOE: Meno ya nini? Fizi zinaponda mnofu wa changu vizuri tu. Na kungoja kuna hasara, maana akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto hupungua umri huohuo. Uji wa muhogo peke yake unajaza tumbo, chuma haumpi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate kila siku nyama, samaki au mayai. Pwani hii, samaki ndiye aliye karibu.

HAMISI: Basi tuanzie feri, kule soko la samaki, maana ukikosea kununua, jikoni hupaokoi. Kwa mtoto tafuta samaki mwenye miiba mikubwa inayoonekana: chewa, kolekole, changu aliyekomaa. Tasi ni mtamu, lakini miiba yake ni kama sindano, mwachie mkubwa. Papa na sulisuli usimpe kabisa. Hao wanakula samaki wenzao miaka na miaka, na zebaki, madini yenye sumu, inajilundika mwilini mwao. Nguru mkubwa na jodari ni wa mara mojamoja, hata kama mnofu wao unapendeza.

BI SOMOE: Na bunju je?

HAMISI: Bunju haliwi na mtoto wala mtu mzima. Sumu yake haifi kwa moto. Halafu angalia macho ya samaki: yawe yametuna na maangavu. Fungua mashavu, ndani pawe pekundu. Bonyeza mnofu, shimo lirudi. Kibua na jodari wana hatari yao ya ziada: wakikaa juani bila barafu hutengeneza histamini, kemikali inayodhuru, na hiyo haiondoki hata ukachemsha saa nzima. Anayekula anawashwa, ngozi inapata vipele, pengine anatapika.

BI SOMOE: Hapo ndipo watu wanapokosea. Mtoto anaharibiwa na kibua wa saa nane mchana, nyumbani wanasema "samaki hampendi", anaachishwa samaki mwaka mzima. Kumbe kosa ni la jua. Vibua vinunuliwe asubuhi vikiwa kwenye barafu, au acha, nunua changu.

HAMISI: Upepo wa kusi ukivuma sana samaki wabichi wanaadimika. Ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, anafaa?

BI SOMOE: Hafai, chumvi yake ni nyingi mno. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hatakiwi kuvuka gramu 1 ya chumvi kwa siku, na maziwa tayari yanayo kidogo. Ndiyo maana fungu lake linatolewa sufuriani kabla ya chumvi na pilipili. Wa kukaanga wa barabarani naye ana chumvi, na mafuta yake yamerudiwa sijui mara ngapi.

HAMISI: Tupike basi.

BI SOMOE: Mpae samaki, mtoe utumbo, kata kipande cha unene wa sentimita 2, ngozi na mfupa viache. Mfupa unashikilia mnofu usisambaratike, na miiba hutoka kirahisi ikishaiva kuliko ikiwa mibichi. Sufuria maji kidogo, kipande kwenye sahani juu ya maji, funika. Dakika 10 kwa moto wa wastani. Chokoa kwa uma pale penye unene: mnofu uwe umepoteza ule uangavu, uachane pande kwa pande. Ukiona katikati bado ni kama kioo, rudisha. Ukizidisha mpaka ukakauka, nao utamkaba mtoto. Ulainishe kwa tui.

HAMISI: Na miiba?

BI SOMOE: Hapa usiwe na haraka. Sahani ya rangi ya giza, nuru ya mchana. Achanisha mnofu pande kwa pande, kisha kila kipande ukipitishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Mara mbili. Macho hayatoshi, vidole ndivyo vinavyouona mwiba. Nawa mikono kwanza, hilo sitaki kulirudia.

HAMISI: Lakini mnofu wa mvuke ukishikwa na mtoto unavunjikavunjika.

BI SOMOE: Ndiyo maana tunatengeneza vidole vya samaki. Mtoto wa miezi 6 anashika kwa kiganja kizima, anakula kile kinachochomoza juu ya ngumi. Ukimpa kijipande kidogo kinapotelea ndani ya ngumi, analia. Kiwe kirefu kama kidole chako, unene wa vidole 2 vya mtu mzima. Akifika miezi 8 au 9, akaanza kuokota kwa kidole gumba na cha shahada, sasa kata vidogo vya ukubwa wa harage.

HAMISI: Vipimo?

BI SOMOE: Mnofu uliochambuliwa gramu 150, kama kikombe kimoja. Kiazi kitamu cha gramu 200, kimoja cha wastani. Unga wa mahindi kijiko 1 cha chakula. Basi. Kiazi kiive na ganda lake, kwa mvuke au majivuni. Ukikimenya ukakichemsha kinakunywa maji, na vidole vyako vya samaki vitamwagika kikaangoni. Kiponde, kipoe kabisa, ndipo uchanganye. Watu wakiona mchanganyiko ni laini wanaongeza unga, wanaongeza unga, mwisho wanapata mpira. Uache upoe tu, utashikamana. Finyanga, vinatoka 10 hadi 12. Kikaango, mafuta kijiko 1 cha chai, moto mdogo, funika, dakika 4 kila upande. Usivifanye vikavu juu kama kababu.

HAMISI: Kipimo cha mwisho?

BI SOMOE: Kibonyeze kwa vidole viwili. Kipondeke bila nguvu. Kisipopondeka vidoleni, kwenye fizi hakitapondeka.

HAMISI: Mzio sasa, yaani aleji. Samaki ni miongoni mwa vyakula vinavyoleta mzio.

BI SOMOE: Kuchelewesha hakumkingi. Siku ya kwanza mpe kijipande kama ncha ya kijiko, asubuhi, zahanati ikiwa wazi. Asipewe kitu kingine kipya siku hiyo, korosho ya kusaga wala yai. Dalili nyingi hutokea kati ya dakika chache na saa 2: vipele mwilini, uvimbe wa midomo au macho, kutapika. Akihema kwa shida, mkimbize kituoni, usingoje. Mtoto mwenye pumu kali ya ngozi aonwe na daktari kabla hujamwanzishia. Wekundu unaobaki kuzunguka mdomo tu, mara nyingi ni ndimu uliyokamulia. Kesho mpike bila ndimu, uone.

HAMISI: Na aliyezoea changu, kamba je?

BI SOMOE: Hao ni kundi jingine, unaanza upya na kijipande. Menya, toa ule uzi mweusi wa mgongoni, chemsha dakika 3 mpaka wawe wa pinki na mnofu mweupe. Kisha twanga, uwatie kwenye vidole vilevile mahali pa nusu ya samaki. Kamba mzima usimpe: ana duara, ananepa, anaziba koo. Kaa chambua kwa hofu, vipande vya gamba vinajificha.

HAMISI: Na bamvua hili, maji yakitoka mbali, kila nyumba ina pweza.

BI SOMOE: Pweza mpondeponde, mchemshe mpaka uma uingie bila kushindana, hata saa nzima, halafu msage. Mkono wa pweza wa kutafuna asipewe. Kwa kweli mimi ningemwacha hadi mwaka upite.

HAMISI: Akikwama?

BI SOMOE: Akikohoa na kutoa sauti, mwache, anajitoa mwenyewe. Akinyamaza, hatoi sauti, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kifua, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Hakijatoka, mgeuze chali, vidole 2 katikati ya kifua, sukuma mara 5. Rudia, mwenzako aite msaada. Usichokoe koo kwa kidole kama huoni kitu. Na asile akiwa amelala wala akitambaa.

HAMISI: Vilivyobaki?

BI SOMOE: Kwa joto la huku, nje visizidi saa 1. Kwenye friji, kesho vipashwe mpaka viwe moto kabisa ndani, mara moja tu. Huna friji, pika vya leo.

HAMISI: Na kile alichokitafuna nusu akakitupa mkekani?

BI SOMOE: Hicho ni cha paka.