Mshairi Mwenye Masikio Mia

Walimu wangu, malenga wenzangu, mabibi na mabwana.

Nianze na mlio. Wahindi wanasimulia kwamba mfalme Bhoja aliwapa washairi wa baraza lake mshororo usio na neno hata moja: than than thathan than, hivyo hivyo hadi mwisho, akawaambia, kamilisheni ubeti. Kalidasa, mshairi mashuhuri wa kale, akajibu papo hapo: mfalme anaogeshwa siku ya kutawazwa, binti aliyelewa kwa furaha anaponyokwa na mtungi wa dhahabu, nao unaporomoka ngazini ukilia than than thathan than. Ni ngano, maana Kalidasa alimtangulia Bhoja kwa karne kadhaa. Lakini zoezi lenyewe ni la kweli, linaitwa samasya, na yuko mtu wa zama zetu aliyelifanya mbele za watu mara zisizohesabika, kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na kwa Kikannada, lugha ya kusini mwa nchi hiyo.

Anaitwa R. Ganesh. Alizaliwa Kolar, katika jimbo la Karnataka kusini mwa India, mwaka 1962. Alisomea uhandisi wa mitambo, akasoma pia elimu ya metali. Baadaye akapata D.Litt., shahada ya udaktari wa fasihi, kwa utafiti wake juu ya sanaa ya avadhana katika Kikannada. Mengine ya wasifu wake nayapita, kwa sababu hamu yangu leo ni hiyo avadhana.

Neno hilo kwa Kisanskriti ni umakini, ule wa kutega sikio na kushika kwa moyo. Ashta ni nane, shata ni mia. Katika ashtavadhana mshairi huketi, wakaketi naye waulizaji wanane, kila mmoja na mtego wake. Mmoja anatoa samasya. Wa pili anampa maneno manne yasiyohusiana, kila neno liingie katika mshororo wake, na mada iwe nyingine kabisa. Wa tatu anadai shairi ambalo herufi zake zikipangwa huchora umbo, tuseme ua la yungiyungi. Wa nne anataja mada tu na kutaka ubeti hapo hapo. Wa tano anaghani ubeti wa kale, na mshairi aseme ni wa nani, umetoka wapi, una uzuri gani. Wa sita ana jedwali la vyumba ishirini na tano, anaitaja jumla anayoitaka, kisha kila mara anaashiria chumba chochote apewe namba yake, na mwishowe safu zote zije sawa. Wa saba kazi yake ni kuvuruga: anamkatiza mshairi kwa maswali ya ovyo na mzaha, naye lazima ajibiwe kwa mzaha uliokomaa.

Wa nane ndiye anayenitisha. Huyu hukataza. Tuchukue mfano wa Kiswahili. Umepewa mada ya bahari. Unasema “ba”. Mwenzako amekwisha kunusa, anasema: “ha” marufuku. Unageuka, unasema “ra”. Anadhani unakwenda kwenye baraka: “ka” marufuku. Basi unasema “za”, na bahari imekuwa baraza ya majahazi. Silabi kwa silabi namna hiyo, na mizani isivunjike.

Na hiyo mizani yao ni nzito kuliko yetu. Neno letu lenyewe linatokana na kupima uzito, ijapokuwa sisi huhesabu silabi tu. Wao hupima kweli: silabi fupi ni nyepesi, ndefu ni nzito, na kila bahari ya shairi ina mpangilio wake wa nyepesi na nzito. Kikannada cha kale kinaongeza sharti jingine. Kina chetu kiko katikati na mwisho. Chao kiko mwanzoni, konsonanti ya silabi ya pili ilingane katika kila mshororo. Maana yake, neno la kwanza likishatoka kinywani, mishororo mitatu inayofuata imeshafungwa.

Tena mshairi hamalizi ubeti mmoja ndipo aende mwingine. Mzunguko wa kwanza anampa kila anayedai ubeti mshororo mmoja, wa pili mmoja, hadi minne itimie. Hashiki kalamu. Mwisho anazisoma beti zote kwa moyo, kila moja nzima.

Wako wanaosema hayo ni mazingaombwe ya kumbukumbu. Nawakatalia. Kumbukumbu peke yake haiwezi kugeuza mlio kuwa mtungi wa dhahabu. Ganesh mwenyewe kipimo chake ni rasa, ule utamu unaoingia moyoni mwa msikilizaji. Ubeti usio na rasa kwake haujatimia hata kama sheria zote zimetimizwa. Ndiyo maana alisimama jukwaani pia na mchoraji B.K.S. Varma, huyu akitunga, yule akichora, picha na ubeti vikizaliwa pamoja.

Watelugu, jirani za Wakannada, waliitukuza sanaa hii muda mrefu; washairi wawili waliojulikana kama Tirupati Venkata Kavulu waliieneza huko mji kwa mji. Kwa Wakannada ilikuwa imefifia. Ganesh ameifanya zaidi ya mara elfu moja, na mwaka 2012 jijini Bengaluru aliketi mbele ya waulizaji mia kwa siku tatu, yote kwa Kikannada. Lugha iliyoambiwa kwamba ufundi huo ni wa Kisanskriti na Kitelugu ikausikia kwa masikio yake.

Sasa nimewaomba vijana wawili wapande hapa. Mada ni mvua. Huyu atatunga, huyu atakataza. Tafadhali tunyamaze, tuwasikilize.