Uingereza Kuna Treni, Gari la Nini?

Haya jamani, leo nalijibu, maana kila nikiweka video nalikuta: "Dada, Uingereza treni kila kona, gari umenunua la nini kama si kujionyesha?" Najua nikijibu mtasema nalalamika. Semeni tu.

Mimi naishi Hawick, kusini mwa Scotland. Treni hakuna. Zamani ilikuwepo, inatoka Edinburgh, inapita hapa, mpaka Carlisle. Mwaka 1963 Dokta Beeching, bosi wa shirika la reli, mtu aliyetolewa kwenye kampuni ya kemikali na kulipwa pauni 24,000 kwa mwaka, kumzidi hata Waziri Mkuu, akatoa ripoti: reli zinakula hasara, fungeni stesheni 2,363 na njia za kilomita kama 8,000. Waziri wa uchukuzi wakati huo, Marples, alitokea kwenye biashara ya kujenga barabara. Mimi sijasema kitu.

Yetu ikafungwa Januari 1969. Usiku wa treni ya mwisho watu wa Newcastleton, kijiji kwenye njia hiyo, walifunga geti la reli wakagoma kutoka, mchungaji wao akakamatwa na polisi. Mbunge David Steel alikuwemo humo ndani ya treni, ikabidi ashuke awabembeleze. Mchungaji akaachiwa, treni ikapita, basi. Mwaka 2015 wamerudisha kipande kwa karibu pauni milioni 300, kutoka Edinburgh kikaishia Tweedbank. Hawick hakijafika!

Sasa mimi nalea wazee majumbani, huyu kijiji hiki, yule kile, alfajiri. Nipande nini?

Na gari lenyewe ni la mkopo, mtumba. Leseni ya Tanzania hapa unaitumia miezi 12 tu, halafu unaanza upya. Mtu nimeendesha Mbagala hadi Kariakoo, leo nabandikwa L kama mtoto! Bima ndiyo usiseme. Walitaka barua ya bima yangu ya Dar kuthibitisha sijawahi kudai fidia, nikahangaika ndugu wakaifuata, wakaikataa eti haina tarehe wanazotaka. Nikalipa bei ya dereva anayeanza.

Kwangu mimi, ningejua, kabla ya kusaini mkataba wa kazi ningeuliza stesheni iko wapi. Lakini hayo ni yangu. Aliyepangiwa London atakwambia gari ni mzigo, na hajakosea.

Na wewe binamu uliyeandika nikirudi nikuletee hilo gari, usukani uko kulia kama huko, halina shida. Na mkopo wake utauchukua?